Baraza la Skauti Lililonitoa Nje

Nianze na jambo ambalo wengi wenu mnalijua lakini hamlisemi mbele yangu, labda mkiogopa kwamba nitaongea hadi jua lizame. Baraza hilo mnalokaa kila mwezi, ninyi mnaovaa skafu za makanisa yetu kutoka Kitale hadi Bumula, nililianzisha mimi. Halikuanzishwa na askofu wala na mgeni aliyekuja na gari kubwa. Lilianzishwa na mtoto wa mkulima wa miwa wa Bumula, aliyeondoka nyumbani na mashati mawili, akaosha magari ya watu Nairobi kwa miaka kumi na mmoja, akajisomesha siku za Jumamosi, akarudi na stashahada ya kazi za vijana. Stashahada yenyewe iko ukutani sebuleni kwangu, ndani ya fremu ya kioo. Ukiingia mlangoni, hata kama macho yako ni mabovu, utaiona.

Najua pia jina mlilorithi kutoka kwa waliowatangulia. "Diploma anakuja!" Walidhani sisikii. Nilikuwa nikisikia vizuri sana, na nilikuwa nikitembea polepole ili waseme tena.

Sasa katibu wenu ameniomba niandike "kurasa mbili tatu hivi, Mzee" kuhusu kazi yangu. Mimi nimestaafu, kwa hiyo nitaandika kurasa ninazotaka. Lakini sitaandika juu ya nishani na gwaride. Nataka kuwaeleza jinsi baraza lenu lilivyokaribia kufa, na mkono ulioshika shingo yake ukawa wangu.

Lilianza kwa kichekesho. Makanisa manane yenye makundi ya skauti, manne upande wa Kitale na manne upande wa Bungoma, yalikuwa yamenipa cheo cha mratibu na ofisi yenye kiti kimoja. Kazi yangu ilikuwa kuunda baraza ambamo vijana wenyewe wangepanga kambi, kuweka sheria zao na kuamua kesi zao. Nikaandika barua nzuri yenye mhuri, nikaomba kila kanisa litume viongozi wake wawili wa vijana. Siku ya mkutano nikapanga viti, nikachemsha chai ya maziwa.

Wakaja watu kumi na sita. Mdogo wao alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Mmoja alikuja na mkewe na mtoto mchanga. Mwingine alikuwa na upara unaong'aa.

"Samahani ndugu," nikamwambia mwenye upara, "wewe ni kiongozi wa vijana?"

"Mwenyekiti," akanisahihisha. "Tangu nimalize shule."

"Na hujawahi kutoka?"

"Sasa nikitoka, si wataniweka kwa wazee? Mimi bado sijafika huko, bana."

Ndivyo makanisa yetu yalivyo. Mtu hubaki kijana mpaka meno yaanze kung'oka. Siku hiyo hapakuwa na skauti hata mmoja chumbani, na chai yote iliisha. Tangu hapo barua zangu zilisema waziwazi: awe na umri wa miaka kumi na minne hadi kumi na minane, awe anavaa skafu, na aje bila mzazi. Ukiandika barua kwa kanisa, usimwachie msomaji nafasi ya kufikiri.

Kikao cha pili ndicho kilikuwa baraza la kweli. Ndipo nikakutana na mtu aliyenifundisha kazi ambayo nilidhani tayari naijua. Mwalimu Khisa alikuwa amestaafu ualimu wa shule ya msingi huko Bumula, na alikuwa mlezi wa skauti tangu mimi nikiwa nakimbia pekupeku. Alishuka kwenye bodaboda akiwa na beseni la plastiki na nusu gunia la mahindi makavu, yakiwa bado kwenye magunzi.

"Mwalimu, haya ni ya nini?" nikamuuliza.

"Ni ya kunyamazisha mdomo wangu."

"Utayatafuna makavu?"

"Nitayapukuchua. Mikono ikipata kazi, mdomo hutulia. Kazi ya mlezi ndani ya baraza ni kungoja kuulizwa. Hapo ndipo wengi hushindwa."

Akakaa nyuma kabisa, ukutani, beseni katikati ya magoti. Vijana wakazungumza, na kule nyuma punje zikawa zinaanguka, tra, tra, tra. Alipoulizwa jambo aliweka gunzi chini kwanza, akajibu kwa sentensi mbili, akalichukua tena. Mimi nilikuwa mbele kwenye meza yenye kitambaa, nikifafanua, nikirekebisha, nikiongezea. Kikao kilipokwisha akaniita pembeni, akafungua kiganja chake. Ndani yake mlikuwa na punje kadhaa zilizotengwa.

"Hizi ni nini?"

"Nilikuwa naweka moja kila unapoongea bila kuulizwa. Hesabu mwenyewe."

Zilikuwa ishirini na tatu. Nikacheka, nikamwambia stashahada yangu haikuwa na somo la mahindi. Hakucheka. Akaniambia, "Ondoa ile meza." Nikaiondoa kikao kilichofuata, viti vikawekwa kwa duara, na watoto waliokuwa hawajafungua midomo wakaanza kubishana. Mpaka leo sijui kwa nini meza hunyamazisha watoto wetu. Nadhani wamezoea kwamba anayekaa nyuma yake ndiye mwenye kiboko.

Khisa alinifundisha mengine madogo ambayo hayako kwenye vitabu. Mnajua skauti husalimiana kwa mkono wa kushoto. Mwaka wa kwanza bibi mmoja wa Bumula alikataa kabisa kumpa mjukuu wake chakula, akisema kanisa limemfundisha matusi. Khisa akawakusanya watoto: mkono wa kushoto ni wa skauti kwa skauti, na kwa kukhu, yaani bibi yako, ni wa kulia, tena upige goti kidogo. Yakaisha. Alinifundisha pia kwamba sala ya kufungua kikao iombwe na skauti, maana ukimpa mchungaji, kikao kitaanza saa sita.

Lakini kumpata mwenyekiti nilijua mwenyewe, na hilo sitampa Khisa. Kwenye kambi yetu ya siku moja sikusikiliza hotuba. Nilisubiri watu wamalize kula. Wenye vyeo walikimbilia mpira. Palibaki sufuria mbili kubwa zilizoshika ukoko, na msichana mmoja wa miaka kumi na sita, skafu ameifunga kichwani, anasugua kwa mchanga huku akigawa kazi.

"Wewe, chukua ile. Na wewe si ulikula mara mbili? Maji ndiyo yale, ati unaangalia wapi?"

Hakupaza sauti, na hakuna aliyekataa. Huyo alikuwa Nafula, binti wa mama muuza vitunguu katika soko la Chwele. Wenzake walipomchagua kwa kura nilijifanya kushangaa.

Mngemwona akiongoza! Alikuwa na tabia ya kungoja baada ya mtu kumaliza kusema, anamtazama tu, mpaka yule mtu anaongeza kile alichokuwa anaficha. Nilipoingilia, na niliingilia, aligeuza shingo kidogo na kusema, "Diploma, bado hatujafika kwako." Mbele ya kila mtu! Mimi, mwenye nyumba ya mawe! Kisha anaendelea. Khisa kule ukutani anaangusha punje.

Nilikuwa nimewaahidi jambo moja siku ya kuwaapisha. Nilisimama, nikasema kwa sauti yangu ya gwaride, "Uamuzi wenu ni uamuzi. Hakuna mtu mzima atakayeugeuza." Walipiga makofi. Nilijiona nimekuwa mtu mkubwa.

Kisha ikaja kesi ya Brayo.

Brayo alikuwa na miaka kumi na saba, kiongozi wa kikosi, kijana mwenye maneno matamu, mtoto wa mchungaji wa kanisa la Kitale lililokuwa limetupa ukumbi wa kukutania. Kwenye matembezi ya chini ya Mlima Elgon alikuwa amepewa watoto watatu wa miaka kumi na mmoja awaongoze. Walipofika kwenye kijito karibu na kituo kimoja cha maduka, marafiki zake wakapita na bodaboda wakienda kuangalia mpira kwenye televisheni. Akawaambia watoto, "Ngojeni hapa, nakuja saa hii." Akapanda.

Mvua ikanyesha. Watoto wakangoja, kisha wakaogopa kijito kinachojaa, wakaanza kutembea wasikokujua. Mama mmoja aliyekuwa akichuma sukumawiki aliwapata alasiri. Mdogo wao alikuwa ameteleza na kuvunjika mkono.

Baraza lilikaa Jumamosi iliyofuata. Nafula alimuuliza Brayo swali moja tu.

"Mpira uliisha ngapi ngapi?"

Brayo akainamisha kichwa. "Mbili moja."

"Kwa hiyo uliangalia mpaka mwisho."

Walimsikiliza, walimpa nafasi ya kujitetea, wakamtoa nje, wakajadiliana kwa saa nzima. Wakaamua: asiwe kiongozi wa kikosi tena, asiende kambi kubwa ya mwaka huo, na kila Jumapili aende kumsaidia yule mdogo kazi za nyumbani mpaka mkono upone. Nimehudhuria semina nyingi. Sijaona watu wazima wakiamua jambo kwa akili namna hiyo.

Siku tatu baadaye mchungaji alinitembelea. Nikamkaribisha sebuleni, chini ya fremu. Alikunywa chai, akasifu kuta za mawe, akasifu dari. Ndipo akaja kwenye jambo lake.

"Mratibu, watoto wameigiza mahakama yao, wamefurahi. Si mbaya. Sasa sisi watu wazima tuyamalize."

"Mchungaji, niliwaahidi kwamba..."

"Ulifanya vizuri kuwaahidi. Ni kuwatia moyo. Lakini niambie." Akainua macho kwenye ukuta. "Hapa nani amesoma? Ni wewe ama ni yule msichana wa vitunguu?"

Sikilizeni, vijana. Hakunitisha. Hakutaja ukumbi, ingawa ulikuwa wake, wala lori la kwenda kambini, ingawa yeye ndiye alikuwa ameahidi kulitafuta. Alinisifu tu. Mtu aliyeosha magari miaka kumi na mmoja akisikia mchungaji akiuliza "nani amesoma" huku anatazama fremu yake, hujikuta ananyoosha kola ya shati. Kabla chai haijapoa nilikuwa nimekubali.

Niliandika barua. Ilikuwa barua nzuri, Mungu anisamehe, yenye "kwa mamlaka niliyopewa" na "baada ya kutafakari kwa kina". Niliisoma mbele ya baraza nikiwa nimesimama. Brayo amesamehewa, anarudi kwenye kikosi chake, anakwenda kambi.

Nilipomaliza, Nafula alingoja. Alinitazama vile alivyokuwa akiwatazama wote, mpaka nikaongeza nilichokuwa nikificha.

"Baba yake alikuja kwangu," nikasema.

"Sawa," akasema Nafula. "Na baba ya yule mdogo, alikuja?"

Hakuwa amekuja. Baba huyo alikuwa akipalilia shamba la watu.

Nafula akafungua skafu shingoni, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya kiti chake. "Mwalimu, asante kwa chai ya siku zote," akasema, akatoka. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita Mwalimu badala ya Diploma, na niliisikia kama kofi. Wengine kumi wakafuata, mmoja mmoja, kila mtu akikunja skafu yake. Upande wa Bungoma ulikwisha wote. Nikabaki na vijana watano wa Kitale waliokuwa wakitazama viatu vyao, na Khisa, ambaye alikuwa ameacha kupukuchua.

"Sema kitu, Mwalimu," nikamwomba.

"Hujaniuliza."

"Nakuuliza sasa. Nifanyeje?"

"Mimi si mjumbe wa baraza. Waulize wao."

Nilikaa wiki sita bila kuwauliza. Niliwaambia watu kwamba baraza liko likizo. Kila Jumamosi nilikwenda ukumbini, nikafungua, nikatazama duara la viti, nikafunga. Ofisini nilikuwa na mfuko wenye skafu kumi na moja na sikuweza kuuweka kabatini wala kuutazama. Hapo ndipo nilipojua kwamba nilichokuwa nikikipenda katika kazi hii hakikuwa cheo. Ilikuwa zile sauti zikibishana.

Siku ya soko nilikwenda Chwele bila barua yoyote. Nafula alikuwa nyuma ya mafungu ya vitunguu, anapanga vikubwa juu. Mama yake aliniona kwanza.

"Mwarimu! Karibu. Leo umekuja kununua ama kuomba msamaha?"

"Nimekuja yote mawili, mama."

"Anza na kununua," akasema, na wauzaji wa pande zote wakacheka.

Nikanunua vitunguu ambavyo sikuvihitaji. Kisha nikageuka kwa Nafula, nikaanza hotuba niliyoifanyia mazoezi njia nzima kuhusu changamoto za uongozi. Akainua mkono wenye udongo.

"Niko kazini," akasema. "Na mambo ya baraza hayasemwi sokoni. Si wewe ulitufundisha kwamba anayeshtakiwa apewe nafasi ya kujitetea?"

"Ndiyo."

"Basi kuja ujitetee."

"Mbele ya nani?"

"Mbele yetu. Si ukumbini kwa kina Brayo. Bumula, kwa darasa la zamani la Mwalimu Khisa, Jumamosi. Na skafu uzilete, lakini usizigawe. Tutajua sisi kama tunazichukua."

Nilishtakiwa, wanangu. Mimi, mratibu, nilikaa kwenye kiti kimoja katikati ya duara, kwenye darasa lenye sakafu ya udongo ambalo nilisomea nikiwa mdogo. Wote kumi na moja walikuja, na wale watano wa Kitale pia. Brayo hakuwa mjumbe, hivyo hakuwepo.

"Majina yako?" katibu wao wa wakati ule akauliza.

"Si mnanijua."

"Majina."

Nikataja majina yangu matatu, na kwa mazoea nikataja na stashahada.

"Hiyo ya mwisho si jina," katibu akasema, akaifuta. Darasa zima likacheka, hata Nafula, na mimi nikacheka nikiwa na machozi karibu.

Kisha mvulana mmoja mpole wa Bungoma, ambaye sikuwa nimemsikia akisema zaidi ya mara mbili mwaka mzima, akainua mkono. "Ulipotuambia uamuzi wetu ni uamuzi, ulikuwa unaamini?"

Nilitaka kusema ndiyo haraka. Nafula alikuwa ananitazama, anangoja.

"Niliamini," nikasema, "mpaka nilipoulizwa nani amesoma."

Walinitoa nje. Nilisimama chini ya paa la mabati la veranda kwa muda mrefu kuliko niliowahi kusimama mahali popote. Waliponirudisha, Nafula alisoma. Kwanza, niende mwenyewe kwa mchungaji nikaondoe barua yangu, kwa mdomo, si kwa barua nyingine. Pili, kwa mwaka mmoja nisiingie ndani ya kikao cha baraza. Mwalimu Khisa angekuwa mlezi peke yake. Na kwa kuwa wajumbe hutoka mbali na njaa, katika mwaka huo ningewapikia.

"Kupika?" nikauliza.

"Ugali unajua kusonga?"

"Najua."

"Basi ni huo. Na nje."

Nikawapa mfuko. Kila mtu akachukua yake.

Kwa mchungaji nilikwenda siku hiyohiyo, kabla miguu haijabadili nia. Alinisikiliza bila kunikaribisha kiti. Alipofungua mdomo, mlango wa ndani ukafunguka, Brayo akatokea.

"Baba, wacha."

"Nyamaza wewe, watu wazima wanaongea."

"Mimi niliwaacha, Baba. Yule mdogo alikuwa analia nikiondoka. Nilimsikia." Akanigeukia. "Waambie nitaenda kwao Jumapili. Kambi siendi."

Mchungaji alimtazama mwanawe, kisha akaninyooshea mkono. "Mratibu, nipe funguo za ukumbi." Nikampa. Baada ya miaka miwili alizirudisha mwenyewe, na tukasalimiana vizuri. Lakini mwaka ule tulikosa ukumbi na tukakosa lori. Baraza likahamisha kambi kutoka mlimani hadi shamba la Khisa, miwa ikiwa imekatwa, na wale watano wa Kitale wakaazima turubai za kuanikia mahindi kwa wafanyabiashara wa nafaka. Tulilala chini ya turubai zenye pumba. Watoto wakaniambia ilikuwa kambi nzuri kuliko zote. Brayo hakuja. Jumapili zote alikwenda kuchota maji kwa kina yule mdogo, hata baada ya mkono kupona.

Na mimi nikapika. Jikoni kulikuwa nyuma ya darasa, mawe matatu na ukuta wa mabati katikati yangu na baraza. Akina mama wa kanisa walikuja siku ya kwanza kunitazama. "Kumbe diploma inajua kukoroga!" mmoja akasema. Niliwafukuza kwa mwiko. Nilijua kusonga ugali tangu Nairobi, na ugali wangu, niseme ukweli, hakuna mwanamke wala mwanamume wa Bungoma aliyewahi kuulalamikia.

Sikuweza kusikia maneno. Nilisikia sauti tu. Nilijifunza kujua mambo kwa mlio wake. Wakicheka pamoja, ajenda ni ndogo. Wakiongea wote mara moja, Nafula atawangojea, na nilitazama moshi ukipanda mpaka wanyamaze. Ukimya mrefu ulikuwa kesi. Mara nyingine nilijikuta nimeshika mwiko hewani, ugali unashika chini, nataka kujua tu wameamua nini. Hakuna aliyeniambia, na sikuuliza. Walitoka, wakanawa, wakala, wakaniambia "Asante, Diploma," wakarudi ndani. Katika miaka yangu yote ya kazi, na nimepewa vyeti vingi, sijawahi kuwa karibu na kitu chema kama nilivyokuwa nyuma ya mabati yale.

Mwaka ulipokwisha Nafula alikuja jikoni, akachungulia sufuria.

"Umemaliza. Wamekubali urudi."

"Wote?"

"Wote isipokuwa mmoja."

"Nani?"

"Mimi. Nilisema tutapata walezi wengi, lakini ugali kama huu hatutapata." Akatabasamu nusu. "Kuja. Utakaa nyuma na Mwalimu."

Nilikaa nyuma na Khisa kwa miezi saba. Katika miezi hiyo niliulizwa mara nne, na mara nne zote nilijibu kwa kifupi. Siku moja nilijisahau nikaanza kueleza. "Diploma, nyamaza," Nafula akasema, hata bila kugeuka, kama mtu anavyomwambia kaka yake. Nikanyamaza. Nilikuwa na furaha kiasi cha kuogopa.

Kisha alimaliza shule, akaenda chuo cha uuguzi mbali na huku. Leo ana watoto wake, na hunipigia simu siku za sikukuu. Wale kumi na watano wakatawanyika pia. Mwalimu Khisa tulimzika Bumula, na skauti walisimama kwa duara. Wakaja wengine, na wengine baada yao, na mimi nikazeeka kazini, nikiheshimika kila mwaka zaidi. Hilo ndilo nilitaka kuwaambia. Heshima iliingia polepole, na kila ilipoongezeka kiti changu kilisogezwa mbele.

Mwezi uliopita mlinialika. Mmepaka ukumbi rangi, na imependeza. Nilipoingia mlisimama wote. Mlinipa kiti chenye kitambaa, meza ndogo, soda na maji. Mwenyekiti wenu, kijana mzuri wa Kiminini, akasema, "Mzee wetu, mwanzilishi wetu, tunakuomba utupe mawaidha." Nikatoa mawaidha. Niliongea dakika arobaini. Nilirudia kisa cha mwenye upara mara mbili. Binti mmoja mdogo alikuwa anapiga miayo ndani ya skafu yake, na nilimwona, nikangoja mtu mmoja, mmoja tu, aniambie ninyamaze. Mkapiga makofi.

Mkiniona tena mlangoni, nawaomba, msisimame. Endeleeni na ajenda. Niwekeni ukutani.

Halafu mwenyekiti wenu akaja karibu, akaniambia kwa adabu sana, "Mzee, sasa tunaomba tuendelee na mambo yetu ya ndani. Kuna kesi." Akanisindikiza mpaka langoni, akaniitia bodaboda, akarudi mbio. Nikasikia mlango ukifungwa. Nikasikia viti vikiburutwa kuwa duara. Kwa muda hapakuwa na kitu, kisha sauti ya msichana ikapanda, na mvulana akaikata, na wengine wawili wakaingia kwa pamoja, na sikuweza kushika hata neno moja.

"Mzee, twende?" mwenye bodaboda akauliza.

Nikamwomba azime injini.